Sifuri kwa Sifuri: Usiandike Jibu Haraka

Neno kuu: Ayubu 1:13–22, 42:7–10

Wapendwa, sita gawanya kwa mbili ni ngapi? Tatu, kwa sababu tatu mara mbili ni sita. Haya, sifuri gawanya kwa sifuri? Moja? Moja mara sifuri ni sifuri. Mia? Mia mara sifuri pia ni sifuri. Kila jibu linakubali, ndiyo maana huwezi kuchagua lolote. Hata kalkuleta inakataa.

Lakini wanahesabu hawaishii hapo. Wanauliza: hizi sifuri zimefikaje hapa? Hamri moja shilingi 10, nusu yake shilingi 5, sehemu ya kumi shilingi 1. Pesa inaelekea sifuri, hamri linaelekea sifuri, bei ni ile ile 10. Jirani anauza 20. Naye akikatakata hivyo hivyo, bei yake inabaki 20. Sifuri zinafanana, jibu halifanani, maana njia ni tofauti.

Hata kisicho na mwisho kiko hivyo. Chukua namba zote, 1, 2, 3, bila kikomo. Ondoa zote kuanzia 11: zimebaki kumi. Ondoa witiri tu: zilizobaki hazina mwisho. Umetoa kisicho na mwisho mara zote mbili! Kama namba zinatushinda, je, Mungu ambaye ufahamu wake haupimiki (Zaburi 147:5)?

Ayubu alipoteza kondoo 7,000, ngamia 3,000 na watoto 10 kwa siku moja. Rafiki zake walikaa naye siku saba kimya. Hapo walikuwa sawa. Walipofungua mdomo wakaandika jibu: umetenda dhambi. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, na Ayubu ndiye aliyewaombea.

Niseme ukweli. Dada yetu mmoja hapa Likoni, naye ameniruhusu niseme, biashara yake ilianguka. Tukanong'ona: ana dhambi ya siri. Mimi mchungaji wenu nilisikia, nikanyamaza. Akaacha kuja ibadani. Nilipomtembelea ndipo nikajua: miaka miwili alikuwa akilipia mamake matibabu. Sifuri yake ilikuwa upendo. Nilimwomba msamaha, leo nawaomba na ninyi tumwombe.

Wiki hii, kabla hujamwandikia mtu jibu, nenda ukakae naye. Na wewe uliye kwenye sifuri, Mungu ameiona njia uliyopitia. Hajafunga hesabu yako.

Ameni.