Mkono Unaotetemeka Haushiki Patasi

Tafakari ya juma. Somo: Marko 6:1–6



Watu wa Nazareti walipomsikia Yesu akifundisha katika sinagogi lao, hawakumpinga kwa hoja. Walikiri wenyewe kwamba ana hekima, wakashangaa ameitoa wapi. Kilichowakwaza ni kazi yake: si ndiye yule seremala? Marko anamwita seremala, Mathayo 13:55 anamwita mwana wa seremala, na Yustino Mfiadini, aliyeandika katika karne ya 2, anataja hata vitu alivyotengeneza: majembe ya kukokotwa na nira. Kwa hiyo huenda baadhi ya waliomdharau Sabato ile walikuwa wamelimia vyombo vyake juma hilohilo. Kazi ya mikono yake waliitaka, maneno yake hawakuyataka.

Mstari huo wa seremala umenirudisha shuleni.

Tukikutana tuliosoma pamoja, iwe harusini au msibani, haichukui muda kabla mtu hajasema kwamba bila fimbo tusingekuwa watu. Wote tunacheka, tunakumbushana. Fimbo tulizikata wenyewe, na zilikuwa za mpera, maana mpera hupinda bila kuvunjika. Aliyeleta kijiti chembamba kwa ujanja alionjeshwa hicho kwanza, kisha akatumwa kutafuta kingine. Waliovaa kaptula mbili walijulikana kwa mwendo. Waliopachika daftari nyuma walijulikana kwa mlio. Hesabu zilikuwa kumi, na kila uliyokosa ilikuwa na fimbo yake. Tunayasimulia haya kama askari waliorudi vitani wazima.

Ila wanaosimulia ni sisi tuliobaki. Aliyeacha shule darasa la tano kwa kuogopa kipindi cha hesabu hayumo kwenye simulizi hizo, na hata akiwa amekuja harusini, utamkuta upande wa jikoni anapakua chakula. Sijasikia mtu akimfuata kumuuliza kama naye fimbo ilimfanya mtu.

Na tukisema kweli, ile fimbo ya hesabu ilitufundisha nini? Ilitufundisha kunakili. Kabla ya kengele, daftari la mwenye akili lilizunguka dawati hadi dawati, na majibu yetu yalifanana hata pale yeye alipokosea. Makosa yakapungua sana. Hesabu hatukuzijua.

Shule ilikuwa ya misheni, na nyuma ya madarasa kulikuwa na karakana. Misheni nyingi za kusini zilikuwa nazo. Peramiho na Ndanda zimejulikana kwa mafundi wake kama zilivyojulikana kwa makanisa yake. Ukiingia mle ulipokewa na harufu ya mninga na ya gundi ya kuchemsha. Misumeno, randa na nyundo vilikuwa na mahali pake ukutani, kila kimoja juu ya mchoro wa umbo lake uliopakwa rangi nyeusi, hivyo kifaa kikikosekana ukuta wenyewe ulisema. Kipindi hakikuisha mpaka michoro yote imefunikwa. Patasi ulimpa mwenzako mpini mbele, makali yakikuelekea wewe unayetoa. Hakuna kukimbia, hakuna kukaa juu ya meza ya kazi, hakuna kumpulizia mwenzio unga wa mbao.

Mwalimu wa ufundi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na macho makali na maneno machache, na sikumbuki kumsikia akimsifu mtu zaidi ya kusema, "Hapo sawa." Lakini humo ndani hakuingia na fimbo. Ukimaliza kuunganisha mguu wa kigoda, ulimi ndani ya tundu lake, alikuchukua mpaka dirishani, akainua kiungo kile usawa wa jicho lako.

"Mwanga unapita?"

"Unapita, mwalimu."

"Rudi."

Ukarudi kuchonga ulimi mwingine. Hukuweza kunakili, kwa sababu kiungo cha jirani yako hakikai kwenye tundu lako. Hukuweza kuficha, maana dirisha lilikuwa palepale. Na ukipiga randa mbao ikaanza kunyofokanyofoka, hakukufokea. Alishika kidole chako akakipitisha juu ya mbao, kwenda na kurudi, mpaka ukasikia mwenyewe nyuzi zimelalia upande gani.

Siku moja mwalimu mwenzake alimtania kwamba anatudekeza. Alimjibu kifundi tu: mtoto mwenye hofu mkono wake unatetemeka, na mkono unaotetemeka haushiki patasi, utaishia kumbeba mpaka zahanati. Chuo cha theolojia kilinipa vitabu vingi vya malezi, vingine vinene, na bado naona hakuna kilichosema jambo hili vizuri kuliko yule fundi, ambaye wala hakudhani anazungumzia malezi.

Nidhamu yake ilikuwa kali kuliko ya darasani, na adhabu alikuwa nayo. Aliyefanya mchezo na chombo chenye makali alisimamishwa mlangoni. Basi. Alisimama pale akitazama wenzake wanafanya kazi, na hakugusa kitu mpaka aruhusiwe. Nimeona vijana wakubwa wakilengwa na machozi pale mlangoni, wakati fimbo za mpera walizipokea bila kukunja uso.

Sasa linganisha na kilichokuwa kikiendelea nje ya karakana. Umechelewa namba, kafyeke. Umezungumza Kiswahili kipindi cha Kiingereza, kachote maji. Umepiga kelele, kachimbe kisiki. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule iwe na shamba na karakana ili mtoto asijione amepanda daraja akawa juu ya mkulima na fundi. Sisi tulilichukua jembe tukalifanya adhabu. Mtoto aliyelima kwa miaka saba kila alipokosa, ulitegemea alipende jembe? Alijifunza somo moja kwa uhakika, kwamba kazi ya mikono ni ya wakosaji. Ndipo mzazi naye akaja akamalizia nyumbani: usiposoma utaishia kuwa fundi. Hii ndiyo dharau ya Nazareti, tumeitunza vizuri.

Biblia haina dharau hiyo. Bezaleli, katika Kutoka 31, amejazwa roho ya Mungu, na kazi aliyojaziwa ni kuchonga miti, kukata vito na kufua dhahabu. Paulo alishona mahema Korintho (Matendo 18:3) na wala hakulificha hilo. Marabi wa Kiyahudi walifundisha kwamba baba asiyemfundisha mwanawe ufundi ni kama anamfundisha wizi.

Najua mtu atanitajia Mithali 13:24, fimbo na upendo wa mzazi. Nimeuhubiri mstari huo, na siufuti. Lakini anayeushika asiruke Kumbukumbu la Torati 25:3. Hapo Torati inamzungumzia mtu mzima aliyekwisha kuhukumiwa, na bado inaweka kikomo cha mapigo 40, tena inatoa sababu: asije akadharaulika machoni pako. Na hata anapolala chini kupigwa, Torati inamwita ndugu. Wayahudi waliogopa mno kukosea hesabu hiyo, wakawa wanaishia 39. Paulo anasema yeye aliyapata mara 5 (2 Wakorintho 11:24). Mpaka huo aliwekewa mhalifu. Wa mtoto aliyekosa kuzidisha saba mara nane uko wapi?

Upo, ila wengi hawaujui. Kanuni za adhabu ya viboko za nchi yetu, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi 4. Atoe mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo shuleni. Iwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu: kosa, idadi ya viboko, nani amechapa. Kukosa hesabu hakumo. Kuchelewa kwa sababu mvua imejaza mto hakumo. Majirani zetu Kenya waliiondoa fimbo shuleni mwaka 2001. Sisi tumeibakiza ikiwa na kamba shingoni, na mara nyingi kamba hiyo hatuishiki. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu, akidhaniwa ameiba mkoba. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu mwalimu huyo adhabu ya kifo. Sioni aliyepata kitu hapo.

Mimi msimamo wangu ni kwamba fimbo ya darasani itoke kabisa. Najua wapo waumini wangu watakaonung'unika, na baadhi yao ni walimu wenye watoto tisini katika chumba kimoja, ambao sina haki ya kuwahubiria nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mzigo wao ni wa kweli. Lakini Bwana tunayemfuata alimchukua mtoto akamsimamisha katikati ya watu wazima, akamkumbatia (Marko 9:36). Mjeledi alioushika Hekaluni, katika Yohana 2, ulikuwa wa wafanyabiashara. Na Paulo, katika Waefeso 6:4, anapowaambia akina baba walee kwa adabu, anaanza na onyo: msiwachokoze watoto wenu.

Serikali sasa imerudisha ufundi mashuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na useremala umo. Nimefurahi, ila nina wasiwasi wa kichungaji. Ikiwa mkondo huo utageuzwa kuwa mahali pa kuwatupia wanaoonekana wazito, tutakuwa tumeijenga Nazareti upya kwa fedha za umma. Useremala unataka akili. Jaribuni kukata viungo vinne ili meza isicheze kwenye sakafu iliyo sawa, ndipo mniambie kama hiyo si hesabu.

Basi wazazi, mwezi huu mtaitwa kwenye vikao vya shule, na ajenda itakuwa michango kama kawaida. Toeni michango. Kisha, kabla hamjanyanyuka, mwombeni mwalimu mkuu kwa heshima awaonyeshe vitu viwili: karakana, na kile kitabu cha viboko. Pasipo na karakana, seremala yumo humu kanisani. Nimeshazungumza na wawili, wako tayari kutoa Jumamosi zao, na wanahitaji msumeno, randa, patasi na mbao. Atakayekuwa na kimojawapo amwone mzee wa kanisa baada ya ibada.