Mbayuwayu ni wa Nani?

Mwezi wa Julai nilijaliwa kupumzika kwa siku 4 mjini Stockholm, Uswidi. Siku moja, saa tatu za usiku, jua lingali juu ya mapaa ya mji wa kale uitwao Gamla Stan, nilimkuta mzee mmoja ameketi, darubini mkononi, akiwatazama ndege weusi waliokuwa wakipita kwa kasi na kupiga kelele kali. Alinipa darubini, akasema kwa fahari: "Hawa ni ndege wetu. Wakati wa baridi huja kwenu kujificha."

Moyoni nikajibu upesi: Sivyo, ni wetu, huja kwenu kuzaa tu. Sikutamka neno, lakini swali limenikaa tangu siku ile. Kiumbe asiyejua mipaka ni wa nani?

Wengi wetu humwita ndege huyu mbayuwayu, pamoja na jamaa zake wote, bila kuwatenga. Waswidi humwita tornseglare, yaani apigaye tanga minarani. Mswidi mwenzao, Carl Linnaeus, alimpa mwaka 1758 jina la apus, maana yake "asiye na miguu". Hufika Uswidi mwezi wa Mei na kuondoka Agosti, kisha huja Afrika, hata juu ya misitu ya Kongo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund walionyesha kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 bila kutua.

Ikiwa haki hutokana na kuzaliwa, mzee yule ameshinda. Ikiwa hutokana na muda wa kukaa, nimeshinda mimi, maana kwao hukaa miezi 3 hivi tu. Je, ikiwa hutokana na kujua? Linnaeus huyo huyo aliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa wakati wa baridi. Aliyempa jina hakujua aendako; nasi tuliokuwa naye hatukuuliza atokako.

Hapo ndipo nilipoona haya. Utotoni kwetu Bukavu, mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi kuruka, sisi watoto tuliwaokota chini, na ndege hao waliwadaka juu. Tulikula karamu moja. Hata hivyo nilikuwa na manati mfukoni, na mara nyingi nililenga. Sikumpata, kwa wepesi wake, wala si kwa huruma yangu. Ilinibidi nivuke bahari, umri umepita miaka 40, ndipo nimtazame kwa mara ya kwanza.

Wala wenzetu hawana la kujivunia. Mapaa ya kale yanapokarabatiwa, matundu anamotaga huzibwa, na idadi yake imepungua.

Basi naona kwamba swali la umiliki halina jibu, kwa sababu tumeliuliza vibaya. Mbayuwayu ni amana iliyowekwa kwa wenyeji wawili wasiojuana, na kila mmoja ataulizwa kwa zamu yake. Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni awe mali ya mwenyeji.

Mwalimu mwenzangu, mvua zitakaporudi, watoe wanafunzi wako nje. Manati yabaki darasani. Waambie watazame juu.