Ujira wa Mpimaji

Usiku mmoja katika mwezi wa Machi, baada ya sala ya isha, katika msikiti mmoja wa hapa kwetu Tanga, alisimamishwa mbele ya jamaa kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi hata weupe wake ukachujuka, na mzee aliyemshika mkono akatwambia ya kwamba huyu ni mtoto wetu, baba yake amekwisha kufariki, mama yake huuza vitumbua alfajiri, naye ataka kurudia mtihani wa kidato cha nne lakini hana ada, na siku zilizobakia kabla usajili haujafungwa zinahesabika. Ikapitishwa kofia safu kwa safu. Fedha zikahesabiwa pale pale, kwa sauti, shilingi baada ya shilingi, mpaka ada ikatimia na ikabaki akiba ya nauli. Na muda wote huo kijana hakuinua macho yake kutoka kwenye mkeka. Tukaitikia dua, tukatoka tukiwa na furaha ya watu waliotenda jema, na mimi nilikuwa nayo furaha hiyo mpaka nilipokaribia mlango wa nyumba yangu, ndipo likanijia swali ambalo tangu usiku ule halijanipa nafasi: je, tulichompa kijana yule kilikuwa ni sadaka yetu kwake, ama kilikuwa ni deni lake juu yetu, tulilolilipa kwa kuchelewa, na tukamtoza fedheha juu ya kumlipa?

Wengi wasiolijua jambo hili kwa karibu hudhani ya kuwa limekwisha. Kwa hakika, tangu Januari 2016, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, mwanafunzi aliye katika shule ya serikali hadaiwi ada ya kusoma wala ya kufanya mtihani wake wa kidato cha nne, na neema hiyo si ndogo, wala sitaki kuipunguza. Walakini yuko mtu mwingine, ambaye Baraza la Mitihani humwita mtahiniwa wa kujitegemea: ni yule aliyemaliza shule asipate alama za kumvusha, au aliyeacha masomo kwa maradhi, kwa uzazi, kwa ufukara, kwa kifo cha mlezi, kisha akarudi ukubwani, na pengine akalazimika kupitia kwanza katika ule Mtihani wa Maarifa ambao watu wauita QT. Huyo hujilipia mwenyewe. Kwa miaka hii ya karibuni ada yake ya kidato cha nne imekuwa shilingi 50,000 kwa anayejiandikisha katika miezi miwili ya mwanzo wa mwaka, na shilingi 65,000 kwa anayechelewa hata ukaingia Machi.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, kwenye zile shilingi 15,000 zilizozidi. Ni nani huyo achelewaye? Yuko, bila shaka, mzembe aliyelala. Lakini aghalabu ni yule ambaye fedha hazikumfikia mapema, kwa sababu faida ya vitumbua vya leo huliwa leo, na mama wa namna hiyo kuweka kando elfu hamsini mwezi wa Januari, mwezi ambao wadogo zake kijana nao wataka sare, madaftari na viatu, ni sawa na kutakiwa azuie maji kwa viganja. Basi asiyekuwa na hamsini ndiye anayetakiwa alete sitini na tano. Sisemi kwamba nyongeza hii ni riba, maana hapana mkopo uliotangulia, na mwenye kutoa hukumu ya fiqhi yampasa achunge ulimi wake. Nasema tu kwamba moyo uliofunzwa na Kitabu kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki hauwezi kulitazama jambo hili ukatulia.

Nilipokwenda kuuliza juu ya mchango wa usiku ule, niliambiwa kwanza kwamba fedha kama zile hazifai kuhesabiwa katika zaka, kwa kuwa kijana yule ni mzima wa viungo, aweza kubeba magunia sokoni, na aliye na nguvu za kuchuma hana fungu. Jibu hilo lina asili, ila halijatimia. Sisi watu wa pwani tu wafuasi wa Imam Shafii, na katika vitabu vilivyosomeshwa madarasani kwetu kwa vizazi vingi mna Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Na humo, katika mlango wa mafungu ya zaka, imeelezwa ya kwamba mtu aliyeshughulika na elimu, ilhali kuchuma kungemkatia elimu yake, huyo huhesabiwa kuwa fakiri, ijapokuwa ana nguvu. Bali aliyejishughulisha na ibada za sunna hata asichume, huyo hahesabiwi. Tofauti hii ilinishangaza nilipoisoma kwa mara ya kwanza, na hata sasa yanishangaza: mwenye kukesha kwa sala za ziada hapewi, na mwenye kukesha juu ya daftari apewa, kwa kuwa faida ya sala zake ni yake peke yake, na faida ya elimu itawafikia wengine.

Najua ya kuwa wafafanuzi wameifasiri elimu hiyo kuwa ni elimu ya sheria na vyombo vyake, na kwamba kijana wetu hakuwa akitaka kufanya mtihani wa fiqhi, bali wa hisabati, baiolojia na kemia. Lakini Imam Ghazali, karibu karne mbili kabla ya Nawawi kufariki, alikwisha kuandika katika Ihya, katika kile kitabu cha kwanza kinachohusu elimu, kwamba utabibu na hesabu ni katika faradhi za kutosheleza, yaani zile ambazo mji ukikosa mwenye kuzisimamia, wakazi wake wote wameingia dhambini. Basi nauliza: mji ambao wakunga na waganga wake hawatoshi waweza kusema kuwa baiolojia ya mtoto wa muuza vitumbua ni haja yake binafsi? Tena mafakihi hao hao wamesema kuwa fundi fakiri hapewi chakula cha siku mbili tatu akarudi tena mlangoni, bali hupewa kitu cha kumnunulia zana za ufundi wake, apate kujitosheleza. Na katika zama zetu sioni zana iliyo kali kuliko cheti, maana seremala asiye na msumeno aweza kuazima wa jirani, lakini hakuna awezaye kuazima cheti.

Haya yote, hata hivyo, yangali katika bahari ya ihsani, na swali langu la usiku ule lilikuwa zito zaidi ya hilo. Nilikuja kulipatia mwanga mahali ambapo sikuutazamia, katika mlango wa biashara. Mafakihi waliulizana tangu zamani: nafaka ikiuzwa kwa pishi, ni nani amlipe mpimaji ujira wake? Wakajibu kuwa kupima bidhaa ni juu ya muuzaji, na kuhesabu thamani ni juu ya mnunuzi, kwa kuwa kila mmoja wao ana dhima ya kumfikishia mwenziwe haki yake ikiwa kamili, na gharama ya kuitimiza haki humfuata yule iliyo juu yake. Watu wa madhehebu ya Imam Malik wakaitolea dalili katika kisa cha Nabii Yusuf, pale nduguze walipomjia wakiwa wamepatwa na dhiki ya njaa, wakamwomba awatimizie kipimo. Kwani aliyekuwa na nafaka ndiye aliyekuwa na pishi mkononi, na wale wenye njaa hawakutakiwa walipie kupimiwa.

Hapa mtu aweza kunigeuzia hoja yangu mwenyewe, akaniambia kwamba kijana ndiye muuzaji, kwa kuwa ndiye mwenye bidhaa, nayo ni elimu yake, na sisi ndio tutakaomwajiri. Basi ujira wa kumpima ni juu yake. Hoja hiyo nimeikalia siku nyingi, kwa sababu si nyepesi. Nionavyo, sababu ya hukumu ile si jina la kuuza wala la kununua, bali ni ile dhima. Yule kijana akiingia katika chumba cha mtihani mwezi wa Novemba, huingia na elimu aliyo nayo, kisha hutoka nayo ile ile. Cheti kitakapokuja hakitamwongezea kichwani hata herufi moja. Kinachoongezeka ni imani yetu sisi. Sisi ndio tuliomshuku, sisi ndio tuliofunga milango ya vyuo vya uuguzi na vya ualimu tukaweka bawabu, tukasema hapiti mtu bila karatasi, na tulikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani maisha ya wagonjwa na watoto ni amana. Lakini mwenye kushuku akataka yakini, gharama ya yakini ni yake. Zamani, wakati wa mitihani ya Cambridge, karatasi za vijana wetu zikipelekwa Uingereza zikasahihishwe na watu wasiowajua, twaliweza kusema kwamba mizani ni ya wageni na masharti yake ni yao. Tangu ilipopitishwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 iliyounda Baraza letu, mizani ni yetu, na mwenye mizani hana wa kumtupia dhima.

Wasioridhika bado wataniambia kuwa kijana huyo alikwisha kupimwa mara moja kwa mali ya umma, akapungua, na mara ya pili ni juu yake. Katika hili nakubali sehemu. Imam Nawawi mwenyewe ameweka sharti katika kitabu chake kingine, Majmuu, ya kwamba asiyetarajiwa kupata chochote katika elimu hastahiki, akiwa aweza kuchuma. Na sijapata kuwa na rai ya mtu kulipiwa mara ya tano na ya sita kwa kuwa tu yuataka. Lakini tumtazame kijana yule: alifanya mtihani wake wa kwanza mwaka ule ule alipouguza baba yake, akitoka hospitali asubuhi kwenda kuandika insha, na jioni kurudi hospitali. Mizani aliyowekwa juu yake ilikuwa sahihi, ila upepo ulikuwa mkali, na mpimaji mwenye insafu, pishi likitikisika, hulimwaga akapima upya bila ya kudai ujira mwingine.

Lakini laiti tungalimlipia tu, na tusimsimamishe! Katika yote ya usiku ule, hili ndilo linaloniuma hasa. Msaada wa mtihani una kawaida ya kudai ushahidi wa ufukara: barua ya mjumbe wa mtaa, muhuri wa ofisi ya kata, cheti cha kifo cha mzazi, na mwisho wake macho ya jamaa msikitini au kanisani. Jirani zetu wa Kenya, ambao serikali yao tangu mwaka 2015 iliwalipia watahiniwa wa shule za umma na baadaye wa shule za binafsi pia, walijadiliana kwa ukali mwaka 2025 kama walipiwe wote ama wasiojiweza peke yao. Na wenye kusema wasiojiweza peke yao walikuwa na hoja ya hesabu isiyopuuzika, kwamba mali ni haba na tajiri hana haja. Mimi nimeelemea kwa wale wengine. Mwenyezi Mungu amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa jinsi walivyojizuia kuomba. Na kila utaratibu unaomtaka mtu adhihirishe ufukara wake ndipo apewe, huwapata kwa urahisi wenye ulimi, na huwakosa hao hasa waliosifiwa. Imepokewa habari ya Ali bin Husein, aliyelakabiwa Zainul Abidina, kwamba zilikuwako nyumba Madina zilizopata chakula usiku kwa usiku zisijue chatoka kwa nani, mpaka alipokufa chakula kikakatika, na waoshaji wakaona mgongoni mwake alama za magunia. Yeye aliuficha uso wake. Sisi tuliuanika uso wa kijana wetu chini ya taa ya umeme.

Serikali ikiwa ndiyo yenye dhima, na haijaitimiza kwa watahiniwa hawa, watu wenye nafasi wasidhani wameokoka, kwani wanavyuoni wamesema kuwa beti-l-mali, yaani hazina ya umma, ikiwa haina kitu, faradhi za kutosheleza huwashukia wenye uwezo katika mji. Kwa hiyo Januari iliyofuata nilikwenda kwa mwalimu mmoja anayewafundisha watahiniwa hao jioni, mwanamke mtulivu mwenye daftari kubwa la majina, nikamwuliza ni wangapi ambao hawajalipa na ambao yeye, kwa kuwafundisha, ana tamaa nao. Akasema watatu. Nikamwachia shilingi 150,000, nikamwomba asiwaambie zimetoka wapi, wala asiniambie mimi ni kina nani. Alinitazama kwa muda, akafunga daftari lake.

Februari ilipokuwa yakaribia kwisha alipita kwangu akiwa na stakabadhi tatu zilizokunjwa, kwa kuwa yeye ni mtu wa amana na hakutaka fedha ya mtu ikae bila ushahidi. Nikazipokea, nikahesabu kuwa ni tatu, nikamrudishia bila ya kuzikunjua.