Je, Yafaa Kuipamba Habari ya Marehemu?



Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Twauliza: je, aliyekufa naye ni jirani? Na uongo wa kumsifu, nao ni uongo?

Tuitazame habari ya mwanamke mmoja wa Ayalandi. Tarehe 1 Januari 1892 Wamarekani walifungua kituo cha kupokelea wageni katika kisiwa cha Ellis Island, bandarini New York. Wa kwanza kuandikwa alikuwa Annie Moore, msichana wa Cork, aliyevuka bahari katika meli Nevada pamoja na ndugu zake wawili wadogo, ili wawafuate wazazi waliotangulia. Akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Baadaye watu walisimulia ya kuwa Annie alikwenda mbali magharibi, akakaa Texas, akafa mwaka 1923 kwa kugongwa na gari la reli. Habari hiyo ilipendeza, na ukoo wa mwanamke yule wa Texas waliiamini kwa moyo safi. Lakini mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alipochunguza maandiko ya zamani aliona ya kuwa mwanamke yule alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Mwaka 2006 alitangaza habari za Annie wa kweli. Huyu alikaa New York katika mitaa ya maskini, akaolewa na mwana wa Wajerumani, akazaa watoto wasiopungua 10, akawazika wengi wao. Alikufa mwaka 1924. Mwaka 1993 sanamu zake zilisimamishwa Ellis Island na kwao Ayalandi. Lakini kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina mpaka mwaka 2008.

Tuone basi jambo hili. Hakuna aliyemchukia Annie. Hata hivyo machozi yake yalisahauliwa, kwa sababu mahali pake alikuwa amewekwa mwingine.

Labda mwalimu mmoja atasema: Katekisimo Ndogo yatufundisha kumnenea jirani mema. Ndivyo. Lakini kumnenea mema ni kuyatafuta mema yaliyomo katika maisha yake mwenyewe, wala si kumvika maisha ya mtu mwingine. Mama aliyezika watoto wake, akaamka tena kuwapikia waliobaki, je, hana mema ya kunenwa?

Tena tuisome sura ya kwanza ya Mathayo. Katika ukoo wa Bwana wetu wametajwa Tamari, Rahabu, Ruthu, na yeye aliyekuwa mke wa Uria. Roho Mtakatifu hakuona haya kuwaandika. Sisi je, twamwonea nani haya?

Basi ninyi mwandikao habari za marehemu ili zisomwe mazikoni, ulizeni wazee kwa upole, wala msiongeze cheo asichokuwa nacho. Si lazima kufunua kila kosa. Yako mambo ambayo upendo huyafunika. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kubuni ni kitu kingine. Umaskini wa baba zetu si aibu ya kufichwa. Mungu awajua kwa majina yao wenyewe. Na sisi tuwakumbuke vivyo hivyo.