Shahidi Mmoja

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Solomon Asch, alifanya jaribio huko Marekani. Vijana wa chuo walionyeshwa mstari mmoja, kisha mingine mitatu, wataje uliolingana nao kwa urefu. Hata mtoto angaliliweza jambo hilo. Lakini wote walikwisha patana kusema uwongo, isipokuwa kijana mmoja asiyejua mapatano yao. Kati ya waliojaribiwa hivyo, wapata robo tatu walilifuata kosa la wenzao angalau mara moja. Baadhi yao walikiri baadaye kwamba macho yao yaliona sawasawa, ila waliona haya kutofautiana na kundi.

Kurani Tukufu yatueleza habari kama hiyo ya kaumu ya Nabii Ibrahimu a.s. Sanamu zilipovunjwa, watu walirejea nafsini mwao wakatambua udhalimu wao; kisha wakageuka tena, wakataka achomwe moto!

Sisemi kila aliye peke yake yu katika haki. Lakini Asch aliona pia kwamba alipokuwapo mmoja tu aliyesema kweli, makosa ya mwenziwe yalipungua hata kuwa robo ya yale ya kwanza.

Basi wewe uliyeitambua kweli, nawe wasita kwa kuogopa maneno ya wazee na majirani, je, huoni kwamba nyumbani mwako huenda yumo aonaye uyaonayo, naye anangoja sauti ya kwanza?