Kosa ni la Mkono au la Kabati?

Kwa miaka michache sasa nimeombwa kufundisha saa moja kila juma katika shule moja ya wauguzi hapa Kolwezi. Somo langu ni maadili ya kazi. Mimi si mganga. Nilisoma seminari, nikawa katekista, na mambo ya sindano nayajua kwa kuchomwa tu. Basi nilidhani kazi itakuwa nyepesi: nitawaambia vijana wawapende wagonjwa, wasipokee rushwa, wawe waangalifu, kisha kengele italia nami nitarudi nyumbani.

Siku moja binti wa mwaka wa tatu alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa amefanya zamu ya usiku hospitalini. Umeme ulikatika (nasi twakaa karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, ambapo maji ya Lualaba huzungusha mitambo ya umeme kwa ajili ya migodi!), akafungua kabati kwa mwanga wa simu, akatwaa chupa ndogo ya maji safi ya kuchanganyia dawa. Kumbe hayakuwa maji. Ilikuwa dawa ya potasi, ambayo ikiingia mshipani kwa haraka bila kuzimuliwa yaweza kusimamisha moyo. Mama mmoja, muuguzi wa siku nyingi, alimshika mkono kabla sindano haijamfikia mgonjwa, mzazi aliyelala na mtoto wake mchanga.

“Baba Mwalimu,” akaniambia, “nimekwisha kuungama. Lakini naogopa kurudi kwenye lile kabati.”

Nikamjibu kama nilivyozoea: “Binti yangu, zidisha uangalifu.” Akanishukuru, akaenda zake. Haukupita muda mrefu, mwenzake mmoja, kijana mwangalifu kuliko wote darasani, akatwaa chupa ya namna ile ile katika kabati lile lile. Naye alizuiwa, ashukuriwe Mungu. Hapo nikatambua kwamba jibu langu lilikuwa jibu la mvivu.

Labda utasema: Wote wawili wamekosa, waonywe. Lakini tazama sheria ya Musa. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa habari ya mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi. Ng'ombe au punda akitumbukia humo na kufa, mwenye shimo ndiye alipaye. Sheria haiulizi kwa nini ng'ombe hakutazama mbele. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya aamriwa kuweka ukingo juu ya dari yake, ili damu ya mtu aangukaye isiwe juu ya nyumba hiyo. Sisi watu wa Kolwezi hatuna haja ya kufundishwa shimo ni kitu gani. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mama mwenye akili hamwambii mtoto “angalia” tu. Huweka mbao juu ya shimo.

Na baba zetu wa migodini walijua hayo zamani. Fundi anayeingia kutengeneza mashine ya kusaga mawe hawaombi wenzake wakumbuke kutoiwasha. Akata umeme, afunga swichi kwa kufuli yake mwenyewe, na ufunguo autia mfukoni. Hakuna anayesema kwamba kufuli ile ni tusi kwa wenzake. Basi nikajiuliza: Je, kwa ajili ya kutoa shaba tuwe na kufuli, na kwa ajili ya mzazi kitandani tuwe na maneno tu?

Kuna elimu nzima juu ya jambo hili, yaani elimu ya kupatanisha chombo na mtu atakayekitumia, jinsi macho yake, mikono yake na uchovu wake vilivyo kweli. Ilikua sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wa ndege kubwa za Marekani, wakiisha kutua salama, walikunja magurudumu badala ya kukunja vibao vya mabawa, ndege zikaanguka kwa matumbo. Wakubwa waliwalaumu marubani. Bwana Alphonse Chapanis akaenda kutazama, akakuta swichi mbili zinazofanana, zimekaa bega kwa bega. Dawa yake ilikuwa kutia kigurudumu kidogo cha mpira juu ya swichi moja, na kabari juu ya nyingine, ili vidole vyenyewe vijue.

Hospitalini elimu hii ilichelewa. Hata hivyo mama zetu wameiona bila kuijua jina. Tangu mwaka 1996 chupa za chanjo ya polio ya matone zimebandikwa alama ya duara yenye mraba mdogo ndani. Joto likizidi, mraba wabadilika rangi. Ukiwa na rangi sawa na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo yatupwa. Muuguzi haombwi kukumbuka safari yote ya chupa ile kutoka ng'ambo hadi kijijini. Chupa yenyewe yasimulia.

Sasa niseme jambo zito, nami nalisema kwa heshima. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, ulizuka ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Waliochunguza waliandika kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 ya sindano pamoja na sindano zake, kwa hospitali yenye vitanda 120 na umati wa wagonjwa wa nje. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano zilisuuzwa tu katika bakuli la maji ya vuguvugu. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista walikuwamo katika waliokufa. Nani atathubutu kusema kwamba wale hawakuwapenda wagonjwa wao? Waliwapenda hata kufa. Lakini upendo hauchemshi sindano. Mabomba 5 kwa siku nzima ni shimo lililo wazi, na waliolichimba ni umaskini, na mazoea, na watu wengi wa mbali ambao hawakuhesabu.

Padri mmoja rafiki yangu, niliposema naye hivi, alicheka: “Basi, wewe katekista, umeifuta dhambi!” La, Padri, sikuifuta, nimeihamisha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kuna kutojua ambako mtu hawezi kukushinda, nako hakumhesabiwi kosa. Na kuna kutojua ambako angeweza kukuondoa, akapuuza. Yule binti wa kwanza hakujua. Lakini baada ya yeye kukwepa msiba, waliomwonya yeye na kuliacha kabati kama lilivyokuwa walijua. Nami nimo, kwa maana niliambiwa kabla ya yule kijana.

Wala tusiziamini karatasi kupita kiasi. Miaka ya 2007 na 2008 hospitali 8 za ulimwengu, mojawapo ile ya Mtakatifu Fransisko huko Ifakara, Tanzania, zilijaribu orodha fupi ya maswali 19 ya kuulizana katika chumba cha kupasulia. Katika hospitali zote 8 kwa jumla, vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Swali moja lanipendeza sana: kabla ya kisu, kila mmoja ataje jina lake na kazi yake, ili hata mdogo apate kinywa cha kusema “Daktari, ngoja.” Lakini mwaka 2014 ilitangazwa kwamba hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilipoanza kutumia orodha kama hiyo, vifo havikupungua kwa kadiri ya kuonekana. Yawezekana kutia alama kwenye karatasi bila kuulizana, kama vile kusali rozari huku ukihesabu fedha.

Siku hizi saa yangu naifundisha namna nyingine. Nawatuma vijana wodini wakatafute mashimo. Wameniletea mashine ya msaada yenye maandishi ya Kichina tu. Na nyingine iandikayo nukta pale sisi tuliosoma Kifaransa tuwekapo mkato, na nukta kwetu ni alama ya maelfu. Kuhusu kabati waliandika barua. Ilichukua miezi, mwishowe potasi ikatengwa katika sanduku jekundu lenye kufuli.

Yule binti sasa ni muuguzi kamili. Juma lililopita alikuja na picha ya dawa mpya zilizoletwa: maji safi yamo katika vichupa vyenye kifuniko cha buluu, na dawa ya usingizi nayo ina kifuniko cha buluu. Barua kwa mkurugenzi alikuwa amekwisha kuiandika. Alitaka tu nimsahihishie Kifaransa.