Sinema za Kuazima: Nani Atuchagulie?

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani maktaba ya watu wote haiazimishi vitabu tu, bali na sinema pia. Mtu huingia, huonyesha kadi yake, huchukua sinema bila kulipa kitu, huitazama nyumbani pamoja na watoto wake, kisha huirudisha siku iliyoandikwa. Mara nyingi iko rafu moja ambayo watu huikimbilia kuliko zote, nayo ni rafu ya sinema mpya. Sinema za zamani mtu aweza kukaa nazo muda mrefu. Hizi mpya hutolewa kwa siku chache tu, maana nyuma yake wako wengine wanaongoja. Anayekuta sinema imekwisha kuchukuliwa huandikisha jina lake, akangoja zamu.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali zito. Tuseme kesho rafu ya namna hiyo yafunguliwa Kolwezi, kwa ajili ya watu wa Manika na Dilala, wa Musonoi, Luilu na Kapata. Sinema za dunia ni maelfu, rafu ni moja, na fedha ni kidogo. Hapana budi mtu achague. Je, ni nani mwenye haki ya kuwachagulia wenzake watakayotazama? Na achague kwa kipimo gani?

Zamani wengine walituchagulia

Swali hili si geni katika nchi ya shaba. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji sinema zilionyeshwa kwa bidii nyingi. Kampuni ya Union Minière ilizionyesha katika kambi za wafanyakazi wake, na wamisionari walizunguka nazo vijijini. Wengine wao walitengeneza za kwao. Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza sinema za katuni juu ya Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili ambaye watoto walikwisha kumjua katika hadithi za bibi zao. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst aliwachekesha watu kwa mikasa ya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba.

Kazi hizo zilikuwa na wema wake, nasi hatuwezi kuzicheka. Lakini pembeni yake ilisimama sheria. Mwaka 1945 serikali ya ukoloni iliamuru kwamba mtu asiye wa asili ya Ulaya wala ya Asia asiingie mahali panapoonyeshwa sinema, isipokuwa zile zilizokubaliwa kwanza na baraza la ukaguzi. Hivyo fundi wa mtambo, baba wa watoto sita, aliyekabidhiwa mashine za thamani kubwa, hakuaminiwa kukabidhiwa macho yake mwenyewe. Mtoto wa Mzungu aliyemzidi fundi yule kwa rangi tu aliweza kuingia.

Kosa la sheria ile lilikuwa wapi? Si katika kuchagua, kwa maana kila anayepanga rafu huchagua. Kosa lilikuwa katika kumfanya mtu mzima kuwa mtoto wa daima, na kumpimia kwa ngozi badala ya umri na akili.

Leo fedha hutuchagulia

Siku hizi baraza lile halipo. Zilikuja kanda za video, zikaja diski, na sasa ziko simu. Kijana huenda kwenye kibanda chenye kompyuta moja, hutoa flashi au kadi ya simu yake, hutiwa sinema kumi kwa franka chache, naye huondoka. Hakuna anayemwuliza umri, wala anayemwambia kwamba sinema fulani yasema uongo.

Labda mtu atasema: “Basi, huo ndio uhuru. Sasa kila mtu ajichagulia.” Tufikiri vizuri. Kijana yule amechagua nini? Amechagua katika zile kumi au mia zilizomo katika kompyuta ile. Na zile zimeingia humo kwa sababu ndizo zinazouzika upesi: ngumi, risasi, na miili ya wanawake iliyoanikwa kama bidhaa. Mwenye kuchagua yupo, ila haonekani, na kwa kuwa haonekani hatuwezi kumwuliza kitu. Baraza la zamani lilimnyima mtu kwa amri. Soko lamnyima kwa kumficha. Kwa wote wawili hukuulizwa neno.

Mfano wa mji wetu wenyewe

Tutazame mfano ulio karibu. Mwezi wa Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, waliotoka Angola na kupitia Zambia, waliuteka mji wa Kolwezi. Siku chache baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa walishushwa mjini. Waliuawa Wazungu zaidi ya mia moja na Wakongomani mamia. Wako wazee ambao hata leo wakumbuka nyumba kwa nyumba ni nani hakurudi.

Mwaka 1980 ilitoka sinema ya Kifaransa juu ya siku zile, iitwayo La Légion saute sur Kolwezi, ya mwongozaji Raoul Coutard. Haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane, koloni la zamani la Ufaransa huko Amerika ya Kusini. Udongo unaouona si udongo wetu mwekundu. Na habari yenyewe yaelezwa kwa macho ya askari waliokuja kuokoa na ya Wazungu waliookolewa. Mama wa Manika aliyejificha chini ya kitanda na watoto wake si yeye anayesimulia.

Basi, sinema hii iwekwe kwenye rafu ya Kolwezi, au isiwekwe?

Mmoja atasema: “Isiwekwe, yatupunguzia heshima.” Mwingine atasema: “Iwekwe, ni sinema tu.” Mimi naona wote wawili wakosea. Ukiificha, mtoto ataipata kibandani, naye ataitazama peke yake bila neno la mtu. Ukiiweka bila kujali, utamfundisha kwamba habari ya mji wake ni ya wengine kuisimulia. Yafaa iwekwe, tena isiwe peke yake. Pembeni yake iwekwe Katanga Business ya Mbelgiji Thierry Michel, ya mwaka 2009, inayoonyesha kampuni, wachimbaji wa mikono na wageni wenye mitaji wakigombea utajiri wa nchi hii. Pembeni yake tena iwekwe Machini ya mwaka 2019, sinema fupi ya Tétshim na Frank Mukunday wa Lubumbashi, ambao kwa mawe na chaki wamesema neno juu ya mashine na sumu yake. Na siku moja mzee aitwe, akae mbele ya vijana, aseme: “Hapa sinema yasema kweli, hapa haikuona.” Huko ndiko kuchagua kwa haki.

Mambo matatu ya kupimia

Kutokana na mfano huo twaweza kupata kipimo. Anayewachagulia wenzake afanya haki akishika mambo matatu.

La kwanza, ajulikane na aulizike. Mtunza maktaba ana jina na ana meza. Mzazi aweza kwenda kumwambia: “Mbona umeweka hii?” au “Mbona hukuweka ile?” naye ni lazima ajibu.

La pili, sheria yake iwe moja kwa wote. Tofauti inayokubalika ni ya umri, maana mtoto hukua, na mlango uliofungwa leo utamfungukia kesho. Tofauti ya rangi, ya kabila au ya fedha haimfungukii mtu kamwe.

La tatu, kuchagua kwake kuwe kuongeza, wala kusiwe kuzuia. Asiyeweka sinema fulani rafuni hakumkataza mtu kuitafuta mahali pengine. Anayepiga marufuku amefunga milango yote. Twakumbuka habari ya mwaka 2015. Sinema ya Thierry Michel juu ya Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, L'homme qui répare les femmes, ilipigwa marufuku katika Kongo mwezi wa Septemba. Serikali ililalamika kwamba tafsiri ya maneno ya Kiswahili waliyosema wanawake haikuwa ya kweli, na kwamba jeshi limesingiziwa. Lakini kama tafsiri ni mbovu, ni nani awezaye kuihukumu kuliko watu wenye Kiswahili chao? Badala ya kuwaita wasikilize, waliwazuia. Marufuku ile iliondolewa baada ya wiki chache, na mwaka 2018 daktari yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Je, na watoto?

Wazazi watauliza: “Maneno haya ni mazuri kwa watu wazima. Je, vijana wetu hawataharibika?” Swali hili ni la haki. Sinema yaweza kumfundisha mtu ukatili kama ivyowezavyo kumfundisha huruma. Mapapa hawakulinyamazia: Pio XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Pio XII mwaka 1957. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulipoandika juu ya vyombo vya habari, uliwakumbusha watazamaji wenyewe wajibu wao, kwa sababu wao huchagua kwa hiari.

Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walipenda mno sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Walivaa kama wao, walijiita majina ya kwao, wakafanya makundi yaliyoitwa Bills, na mengine yaligombana mitaani. Wakubwa wengi walitaka wafukuzwe tu. Padri mmoja, Jozef de Laet, alikwenda kukaa kati yao, akasikiliza lugha yao, hata wakamwita Buffalo. Alifahamu kwamba kijana anayeiga sinema atafuta mtu wa kumheshimu. Asipompata nyumbani, atamchukua katika kitambaa cheupe cha sinema. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mtoto ni mtu mzima anayekaa pembeni yake na kutazama pamoja naye. Kufuli huja baadaye.

Kuazima na kuiba

Liko neno lingine. Kule kibandani sinema hunakiliwa bila mwenye kuitunga kupata kitu. Watu husema: “Si wizi. Nikichukua jembe la jirani, hana jembe. Nikinakili sinema, mwenyewe bado anayo.” Hoja hii ina ujanja, lakini haitoshi. Mchimbaji akipeleka mawe yake sokoni Musompo, na mnunuzi akamdanganya juu ya kiasi cha shaba kilichomo, je, hakuibiwa? Mawe ameyatoa kwa hiari yake, ila thamani iliyofichwa ndani, ambayo ni jasho lake, haikulipwa. Vivyo hivyo na sinema. Mwana wa Lubumbashi aitwaye Baloji alitoa sinema yake Augure mwaka 2023, juu ya mtu anayerudi kwao Kongo na kukuta jamaa wamwona kama mchawi. Ilipata tuzo huko Cannes. Nyuma ya sinema ile iko kazi ya watu wengi.

Lakini tuseme kweli yote. Ukimwambia kijana wa Kapata, “Usinakili,” naye akakuuliza, “Basi niipate wapi kwa haki?” utamjibu nini? Ni vigumu kumdai maskini uaminifu huku milango yote ya halali umeifunga. Hapo ndipo maktaba inapofanya kazi kubwa: hununua sinema mara moja kwa haki, ikawaazimisha wengi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli kwa nguo. Sinema au kitabu cha kuazima, ukikirudisha, ulichojifunza hubaki kwako, na mwenzako naye hupata.

Fadhila ya kungoja zamu

Tumalizie na rafu ile ya mpya. “Kipya kinyemi, kingawa kidonda,” husema methali. Upya peke yake si wema. Sinema mbaya ya mwaka huu haikuwa nzuri kwa kuwa ni ya mwaka huu, na katuni za Mboloko hazikupoteza akili yake kwa uzee. Hata hivyo si dhambi kutamani kipya; mtu hupenda kuzungumza na wenzake juu ya jambo ambalo wote waliliona juzi. Neno zuri la maktaba ni namna inavyoitawala tamaa hiyo. Jina huandikwa kwa kufuata zamu. Mkubwa wa kampuni akiandikwa wa saba, na mama mwuza mihogo wa sita, mama huchukua kwanza. Naye mama asiporudisha siku yake, amnyima mkubwa haki yake.

Tufikiri: katika nchi hii ambamo shaba na kobalti hutoka usiku na mchana, ni mahali pangapi ambapo fedha haimtangulizi mtu mbele ya mwenzake? Watoto wetu wakijifunza mahali pamoja tu kungoja kwa haki, kutunza cha wote, na kurudisha walichoazima, wamejifunza jambo ambalo nchi yalihitaji kuliko sinema yenyewe.

Kwa hiyo, ninyi walimu na viongozi wa vyama, anzeni na kidogo. Sanduku moja la sinema zilizonunuliwa kwa haki, daftari moja la majina, na kila mwezi jioni moja ya kutazama na kujadiliana vyatosha kuanza. Nanyi wazazi, msingoje aje mwingine kuwachagulia watoto wenu, kaeni nao, tazameni nao, waulizeni: “Huyu amefanya vema? Kwa nini?” Mtoto aliyezoea kujibu swali hilo hataongozwa na kila picha inayopita mbele yake.